Anayeona Vidole Arejee Mwakani

Bi Mize wa Wawi hakuwa kipofu. Alikuwa haoni tu, na baina ya mambo hayo mawili kuna masafa makubwa. Kipofu ni mtu ambaye watu wamekwisha kujua kuwa haoni, na jambo hilo Bi Mize alikuwa hajampa mtu yeyote ruhusa ya kulijua.

Aliyelijua bila ya ruhusa ni mkaza mwanawe, Khairiya, tena kwa sababu ya buibui. Alilifua asubuhi akalianika uani, upepo ukaliingia likajaa, likawa na mabega. Bi Mize alikuwa kakaa kitako kibarazani akisuka ukili. Aligeuza uso upande ule, akasogea kidogo kupisha nafasi kwenye mkeka.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Mbona umesimama kama ulotumwa ukasahau ulilotumwa? Kaa kitako."

Buibui halikukaa.

"Au una haraka? Nani kashikwa na uchungu?"

Khairiya, aliyekuwa jikoni juu ya mbuzi akikuna nazi, alicheka hadi kifuu kikamponyoka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Kwani Bi Mize ndiye aliyekuwa mkunga wa Wawi nzima, na hata Gombani walikuwa wakimfuata. Mikono yake ilipokea watoto wa kutosha kujaza msikiti na watoro wakabaki nje. Na sasa mikono hiyo ilikuwa ikikaribisha nguo.

Mchana mumewe, Himid, alirudi na gari lake la ng'ombe, akanawa, akakaa kula. Khairiya alimtilia mchuzi juu ya muhogo, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama haoni."

"Mama yupi?"

"Una wangapi?"

Himid alicheka. "Jana tu kanambia kanzu yangu ina doa."

"Kanzu yako siku gani haina doa?"

Himid akajitazama kifuani. "Na juzi kanambia nimekonda."

"Mama gani asiemwambia mwanawe kakonda? Wee sikia. Ukili anasuka kwa vidole. Njia ya kisimani anaijua kwa miguu. Watu anawajua kwa sauti, na asiesema anamsalimu yeye kwanza mpaka aseme. Leo kalikaribisha buibui langu."

"Likamjibu nini?"

"Himid!"

Himid akaliweka tonge chini. Alikuwa mtu wa kucheka na mawe na ng'ombe na mvua, lakini hapo uso ulimshuka, akatazama mlango wa uani ambako mama yake alikuwa akiimba kidogo kidogo na kusuka. "Macho ya mama yamekwenda wapi," alisema, "bila ya kuaga?"

Alasiri ile ile alikwenda mjini kumtafuta Pandu, mtu wa Makunduchi, dresa wa hospitali, mfunga vidonda. Himid alimbebea mawe alipojenga choo chake, na mtu uliyemjengea choo hakunyimi habari. Pandu alimwambia ana bahati. Daktari wa macho anakuja kutoka Unguja. Alkhamisi atapima, Jumamosi watakaofaa watalazwa, atawapasua, kisha atarudi zake. Vitanda ni vichache, kwa hivyo lazima kupimwa kwanza, na kupimwa huko si mchezo. Anayekohoa hatakiwi, maana kikohozi na jicho lililoshonwa havikai nyumba moja. Aliyetia wanja au maji ya majani hatakiwi. Asiyeweza kulala chali siku kadhaa, macho yote mawili yamefungwa na kichwa kimebanwa kwa mifuko ya mchanga, hatakiwi. Na mtoto wa jicho mwenyewe lazima awe amekomaa.

"Akikomaa anajulikanaje?" Himid aliuliza.

"Mgonjwa haoni kitu ila mwanga. Anayeona vidole arejee mwakani."

"Na mwakani daktari atakuja?"

Pandu alifungua mikono. Ulikuwa wakati ule watu wakiulizana chama kabla ya kuulizana hali, na hapakuwa na aliyethubutu kusema mwakani kutakuwa na nini, seuze daktari wa macho.

Kazi ya kumwambia Bi Mize alipewa Khairiya, kwa kuwa Himid alikumbuka ghafla kuwa ng'ombe hajapewa maji.

"Mama, mjini anakuja daktari wa macho. Himid anasema akupeleke, ukatazamwe tu, kama watu wengine."

"Nani kamwambia Himid kuwa macho yangu yana shida?"

"Hakuna."

"Basi nakatazamwe yeye, anaevaa kanzu ina doa asilione."

Bi Mize akasuka kipande kirefu cha ukili. Kisha, bila ya kugeuza uso, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, akasema, "Lini huko?"

*

Kuanzia siku ile nyumba iligeuka chuo. Mwanafunzi alikuwa mmoja, mtoro, na umri wake ulitosha kumzaa mwalimu.

Somo la kwanza lilikuwa tambuu. Bi Mize alitafuna tambuu na tumbaku tangu usichana wake, na kila asubuhi alikohoa mpaka majogoo ya jirani yakanyamaza kwa heshima. Khairiya alikichukua kijaluba chake cha tambuu, akakificha juu ya kabati.

"Umeniachisha ziwa uzeeni," Bi Mize alisema. Siku nzima alizunguka ndani akipapasa rafu, akiwaambia watu anatafuta tasbihi, na tasbihi iko shingoni.

Somo la pili lilikuwa kulala. Walimlaza chali kwenye kitanda cha kamba, wakamfunga kitambaa machoni, wakamwekea mifuko miwili ya mchanga huku na huku ya kichwa, mikono ubavuni. Ndivyo alivyomkuta jirani na shoga yake, Bi Kazija, alipoingia bila ya hodi kama kawaida yake.

"Inna lillahi!" Kazija alipiga yowe. "Kafa lini?"

"Sijafa," Bi Mize alijibu bila ya kutikisa taya. "Nasoma."

Kazija alielezwa habari yote ila ile moja, kwamba shoga yake haoni. Aliambiwa macho ya Bi Mize yana ukungu mdogo, yanakwenda kutazamwa. Akakaa kitako, akavuta pumzi, akaanza kutoa alichokuwa nacho.

"Mie nawaambieni, na shahidi ni Mungu. Jicho wanalitoa. Wanalitoa lote, wanaliosha kwenye kisahani, wanalirejesha. Sasa mie nauliza: pale kwenye kisahani, akipita paka?"

"Hospitali hamna paka, Bi Kazija," Khairiya alisema.

"Pahala penye wali wa bure pakose paka? Na huyo daktari mwenyewe wa chama gani?"

"Wa macho."

"Kila ntu siku hizi ana chama, mwanangu. Usije ukafunguliwa kitambaa ukaona upande mmoja tu."

Mifuko ya mchanga ikaanza kutikisika. Bi Mize alikuwa akicheka, na somo la pili likavunjika.

La tatu ndilo lililokuwa gumu. Khairiya aliliacha mpaka Kazija aondoke.

"Mama, daktari atakuuliza: bibi, una nini? Utamjibuje?"

"Ntamwambia sijambo, alhamdulillahi."

"Ukisema hujambo atakurejesha nyumbani."

"Kwani yeye si tabibu? Natazame mwenyewe. Ukenda kwa Shehe Matano kule Chokocho, hutaji kitu. Unakaa kitako, anapiga ramli, anakwambia: bibi, una hili na hili, limekuanza pahala fulani. Ukianza kumtajia anakufukuza, anakwambia kama wajua umekuja kufanya nini? Na huyu wenu kasoma miaka yote hiyo, kavuka bahari, aje aniulize mie?"

Ukweli ni kwamba hoja ile ilimkaa vizuri hata Khairiya.

"Basi sema unaona ukungu."

"Asubuhi nani haoni ukungu?"

"Sema 'sioni', mama. Neno moja tu. Sioni."

Vidole vya Bi Mize vilisimama kwenye ukili. Khairiya hakupata kuviona vikisimama ila kwa adhana.

"Mie nimezaa nikafukia, nimefiwa na mume, nimeugua, na ntu akiniuliza hali namwambia sijambo. Maisha yangu yote. Mungu kanipa alichonipa, nikamshitaki barazani mbele za watu, nilie kama ng'ombe wa Himid?" Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu mwingine, mdogo zaidi. "Na nikishasema, mwanangu, nani atakuja kunigongea mlango?"

Hapo Khairiya akafahamu. Ndugu zake Bi Mize walikuwa wamekwisha, mwanawe alikuwa na mke, na ndani ya nyumba ile kazi zote zilikuwa na mwenyewe. Kilichokuwa chake peke yake ni ule mlango kugongwa na sauti ya mwanamume aliyetaharuki ikisema, "Bi Mize, njoo, keshaanza." Akisema haoni, mlango hautagongwa tena. Asiposema, hatapasuliwa, giza litabaki, na ipo siku mkono utakosea na mtoto wa mtu atalipa. Njia zote mbili zilikuwa na miba, na miguu ilikuwa ya Bi Mize.

*

Alkhamisi Himid alitandika mkeka kwenye gari, akampandisha mama yake, mkewe na mtoto wao wa kike, ambaye alikuwa ndio kwanza anaanza kutambaa. Mtoto aliitwa Mize kwa jina la bibi yake, kwa hivyo bibi hakumwita jina ila "somo yangu". Bi Kazija alijipandisha mwenyewe. "Ngonjwa haendi hospitali bila ya shoga yake," alisema, akajipangia nafasi nzuri kuliko ya mgonjwa.

Barazani mwa hospitali palikuwa na ubao mrefu wa kukalia, na ubao ulijaa. Daktari alitoa meza yake nje kwa ajili ya mwanga, akaiweka mwisho wa baraza, hatua chache tu kutoka kwa waliokuwa wakingoja. Kila alichoulizwa mtu, ubao mzima ulisikia, na kila alichojibu, ubao ulikipima kwanza kabla ya daktari.

Walipokaa tu, mwanamke mmoja mwenye mimba pevu alitoka upande wa pili, ambako wajawazito walikuwa wakisubiri zamu yao, akaja mbio kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu. Alikuwa Mwanabaraka wa Gombani.

"Shikamoo, mkunga wangu!" Akauchukua mkono wa Bi Mize akaubusu. "Nimekuja kupimwa damu tu, usidhani nimekukimbia. Mie ntazaa kwa mikono hii hii. Umekuja kufanya nini huku?"

Ubao ukainama kusikiliza.

"Nimemsindikiza Kazija," Bi Mize alisema, haraka kama aliyejifunza kwa moyo.

Bi Kazija, aliyetoka kwake mzima wa afya, alifumba macho. "Macho haya," alisema kwa huzuni. "Yaache tu."

Na Mwenyezi Mungu, ambaye hapendi uwongo lakini wakati mwingine anapenda kucheka, akamtoa Pandu kwa mlango wa pembeni na karatasi mkononi. "Mize binti Silima! Mize binti Silima wa Wawi, wa macho!"

"Atatangulia yeye," Kazija alimwambia Mwanabaraka. "Mie naogopa."

Daktari alikuwa kijana wa Kihindi, mpole, mwenye mikono misafi mno. Kiswahili chake kilikuwa kama mchuzi wa hospitali: kipo, lakini huoni kitu ndani. Pandu alimjazia.

Kwanza ilikuwa mkojo. Bi Mize alipewa chupa, akarudi nayo ameifunika kwa leso kama aliyebeba halua ya harusi, akamkabidhi Pandu kwa mikono miwili. Pandu aliipeleka ndani, akarudi akasema haina sukari.

"Sukari gani?" Bi Mize aliuliza. "Mie nimetia nilichonacho."

Kisha daktari akamwekea mpira kifuani. "Kohoa, mama."

Bi Mize akafunga mdomo.

"Kohoa, bibi," Pandu alisema.

"Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na nyinyi wenyewe. Tambuu yangu imefichwa, mie ndo nikohoe?"

Ubao ukacheka, Pandu akacheka, na daktari, alipofasiriwa, akacheka nyuma ya wenzake. Bi Mize alikohoa kikohozi kimoja kidogo cha adabu, kikakubaliwa. Walipomlaza chali kwenye meza nyembamba wamjaribu, alilala vizuri hata Pandu akamgusa bega na kumuuliza kama bado yupo. Khairiya, aliyekaa ukingoni mwa ubao na mtoto mapajani, alianza kupata matumaini. Mwanafunzi wake alikuwa anapita.

Daktari akawasha tochi, akamtazama jicho la kulia, akamtazama la kushoto. Katika mwanga huo mboni zilikuwa nyeupe kama tui la kwanza.

"Macho vipi, mama?"

"Hayajambo, alhamdulillahi."

"Mimi unaona?"

"Naona kheri tupu, baba."

Daktari akasogeza kiti nyuma kidogo, akanyoosha mkono. "Vidole ngapi?"

Bi Kazija alikuwa amesimama nyuma ya Bi Mize, mkono mmoja ndani ya buibui kama mtu anayejikuna. Khairiya aliuona mkono huo ukitoka kidogo na kumgusa Bi Mize mgongoni. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Vitatu," Bi Mize alisema.

Ubao ukanong'ona mashaallah. Daktari akageuza vidole. Mkono wa Kazija ukagusa, ukagusa tena.

"Viwili."

"Anaona kuliko mie," alisema bibi mmoja kwa wivu. Mwanabaraka, aliyebaki pale pale kumngoja mkunga wake, alitabasamu, akaweka mkono juu ya tumbo lake.

Daktari alikunja paji. Alimwambia Pandu kwa Kiingereza maneno yaliyokuwa na mshangao mwingi. Pandu akafasiri. "Anasema ajabu. Ukitazama jicho, limekomaa kabisa. Lakini kama linahesabu vidole, halijakomaa. Bibi, urejee mwakani." Akachovya kalamu.

Na Bi Kazija alipumua kwa furaha. Kisahani na paka vilikuwa vimeshindwa, shoga yake amepasi.

Khairiya alihisi masikio yakimwaka. Kumsema mavyaa wako, mama wa mumeo, mbele za watu ni jambo ambalo mtoto wa kike wa Wawi hufundishwa kulikwepa kabla ya kufundishwa kupika. Akisimama kusema, "Daktari, mama yangu anasema uwongo," neno hilo lingefika nyumbani kabla ya gari la ng'ombe, na lingeishi nyumbani hapo maisha yake yote. Na asiposimama, kalamu ilikuwa imeshalowa. Akamtazama mwanawe mapajani, na hapo ndipo hesabu ilipomjia, hesabu ambayo siku zote hizi aliikimbia: mtoto huyu alipokelewa na mikono ile, usiku ule Bi Mize alipowaambia wanawake waipeleke taa mbali, inamchoma macho. Haikuwa ikimchoma. Alikuwa hataki watu waone kuwa haitazami.

Aliinuka. Hakwenda kwa daktari. Alikwenda kwa Bi Kazija.

"Bi Kazija, nishikie ntoto tafadhali," alisema kwa adabu zote. "Kwa mikono miwili. Anaponyoka."

Kazija hakuwa na la kufanya. Mtoto ameshawekwa kifuani pake, na mtoto yule alikuwa mnene. Khairiya akamgeukia Pandu.

"Kaka Pandu, mwambie daktari arudie mara moja tu. Samahani. Mie ndie sikuona vizuri."

Pandu alimtazama Khairiya, akamtazama Kazija na mikono yake iliyojaa, akafahamu. Akasema neno kwa daktari. Daktari akanyoosha vidole vinne.

"Vingapi, bibi?"

Bi Mize alingoja. Mgongo wake haukuambiwa kitu. Aliinua kidogo mabega, kama anayeukaribisha mkono uje, na mkono haukuja.

"Alhamdulillahi," alisema.

"Alhamdulillahi si hesabu, bibi."

Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha, kwa kuwa Bi Mize hakucheka nao. Alikaa vile vile, uso mbele, mikono imeshikana mapajani. Khairiya alitamani ardhi ipasuke. Alijua kuwa Bi Mize anaweza kubahatisha. Akisema vinne ameokoka, na amepotea.

"Mwanabaraka yupo?" Bi Mize aliuliza.

"Nipo, Bi Mize. Hapa."

"Sogea, mwanangu."

Mwanabaraka akasogea. Bi Mize aliutafuta mkono wake hewani, akakosa mara moja, akaupata.

"Sioni," alisema.

Hakulisema kwa sauti kubwa. Lakini baraza lilikuwa limenyamaza, na neno likaenda mpaka mwisho wa ubao na kurudi.

"Vidole sivioni, na mkono sioni. Wewe nimekujua kwa sauti. Mwanga nauona, wa mlango na wa jua, basi. Tafuta mkunga mwengine, mama. Mapema. Usingoje siku."

Macho yalimjaa Mwanabaraka, na huwezi kusema yalijaa huruma au hofu au hasira, maana nafikiri mwenyewe hakujua. Aliutoa mkono wake, taratibu, kama mtu anayetoa nguo kwenye mwiba asiichane. Akarudi upande wake bila ya kuaga.

Ubao ukaanza kuchemka. "Wangu wa mwisho kampokea yeye," alinong'ona mmoja.

"Ana kasoro?"

"Hana."

"Basi nyamaza."

"Lakini angetwambia, jamani."

"Na ungekwenda?"

Bi Mize alisikia yote. Masikio yake yalikuwa na kazi za macho siku nyingi. Daktari alimpelekea tochi tena, jicho hili na jicho lile, akamwambia aseme mwanga unatoka wapi, naye akasema: juu, chini, kulia, mbali. Hakuna mgongo uliomsaidia. Daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Jumamosi," Pandu alisema, na kalamu ikaandika. "Uje na leso mbili na mtu wa kukulisha. Jicho moja kwanza. Daktari anasema hakuahidi kitu, lakini anatumaini."

"Na sijida nitafanyaje, kichwa kimebanwa?"

"Utasali kwa ishara, bibi. Mgonjwa ana ruhusa."

"Ngonjwa," Bi Mize alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Haya."

Walipokuwa wakitoka walipita karibu na wajawazito. Mwanabaraka alikuwa na nesi pembeni, amewapa mgongo, akimuuliza ikiwa mtu anaweza kuja kuzalia hapa hapa hospitali, na je, wanaume huingia? Khairiya akaongeza mwendo, akitumai mama mkwe hakusikia. Bi Mize alimshika mkono kwa nguvu kidogo zaidi, ndipo akajua kuwa kasikia.

*

Himid, aliyewangoja nje, aliuona uso wa mkewe, akampandisha mama yake, akatembea mbele na ng'ombe. Bi Kazija aliketi nyuma kabisa ya gari, miguu ikining'inia, kimya, na watu waliomjua walipompita njiani walidhani kafiwa.

"Shoga," alisema mwishowe. "Nilitaka kukusaidia."

"Najua."

"Nilidhani anaeona ndie anaepasi."

"Mie pia nilitaka kudhani hivo hivo." Bi Mize akajinyoosha mgongo. "Lakini Kazija, kidole chako kizito. Mgongo wangu mzima unauma. Ungejua kuhesabu mpaka kumi ungenivunja."

Kazija akacheka huku anajifuta pua kwa ncha ya buibui. Walipofika kwake aliteremka, akasema Jumamosi atakuja alfajiri, na atakuja na fimbo, kama kuna paka.

Gari likaendelea. Njia ilikuwa na mashimo, Himid akilikwepa hili na kuingia lile. Barazani mwa nyumba moja wanawake walikuwa wamekaa wakichambua mchele. Walipoliona gari waliacha kuzungumza, kisha wakasalimu wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno, kila mmoja akitaja jina lake. Habari ilikuwa imekwisha kuwatangulia. Bi Mize aliwajibu mmoja mmoja. Baada ya kona akasema, "Basi ndivyo itakavyokuwa."

Khairiya alitaka kumwomba radhi kwa kumpa Kazija mtoto, na hakujua aanzie wapi.

"Khairiya."

"Labeka, mama."

"Ulinivua nguo leo."

Khairiya akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, nyamaza. Hebu nipe somo yangu."

Khairiya akamweka mtoto mapajani pake. Bi Mize alimpapasa kichwa, akashuka kwenye paji, akazunguka masikio, akaishika pua kwa vidole viwili kama anayepima unga. Mtoto aliona ni mchezo, akakiuma kidole. Kwa miezi yote ya uhai wa mtoto yule watu walikuja wakasema kafanana na huyu, kafanana na yule, na Bi Mize aliitikia kila mmoja kwa yakini ya mtu anayeona. Sasa yakini hiyo hakuwa tena na haja nayo.

"Nambie kweli," alisema. "Kafanana na nani?"

"Na wewe, mama," Khairiya alisema. "Wewe mtupu. Macho, pua, kidevu. Kama kukukata kukubandika."

Bi Mize alilifikiri jambo hilo mpaka gari likapita shimo la tatu.

"Masikini ntoto wa watu," alisema.

Himid, mbele, alicheka hadi ng'ombe akasimama. Bi Mize alimvuta mjukuu wake kifuani, akamwelekeza uso upande wa jua, akauweka wake karibu kabisa na ule mdogo, na macho yake hayo meupe akayafungua wazi, akijaribu.